Majini Hakuna Kelele

Kabla watoto hawajaingia ziwani, mume wangu huchora mstari mchangani. Huuchora kwa kijiti chochote atakachookota, kuanzia kwenye jiwe wanapofulia watu hadi pale mitumbwi inapoegeshwa. Upande wa huku yeye ni Taata, kama tunavyowaita baba zetu Uhayani. Ukishauvuka mstari, yeye ni afande. Upande wa huku mtoto anaruhusiwa kudeka, kudai soda, kulalamika kwamba mchanga unachoma. Upande wa pili anajibu "Ndiyo, afande" na kuingia majini. Mimi nilikuwa nakaa upande wa Taata na mataulo na chupa ya chai, raia pekee katika familia ile.

Tunaishi Kibeta, kwenye nyumba iliyojengwa kwa likizo za mwanajeshi: likizo moja msingi, likizo nyingine kuta, nyingine bati. Kituo chake cha kazi huwa mbali, na kikihamishwa huhamishiwa mbali zaidi. Baba wengine wakija likizo wanaleta zawadi na kuchinjiwa kuku. Huyu wangu kuku anamla, lakini kwanza ziwa. Anashuka kwenye basi, anakunywa chai, anakagua migomba nyuma ya nyumba kana kwamba imejipanga kumsubiri, kisha anauliza, "Nguo za kuogelea ziko wapi?" Watoto wanarukaruka. Mimi nachelewesha kuyatafuta mataulo.

Nilizaliwa milimani Muleba. Kwetu ziwa ni kitu cha kutazama. Unaliona asubuhi likiwa limelala kule chini, unasema leo litaleta mvua, unarudi kwenye migomba yako. Maji ya nyumbani tulichota bondeni kwenye chemchemi tukapanda nayo mlima kichwani, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba maji ni mahali pa kuingia. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kahororo, darasa zima nalinyamazisha kwa kukohoa tu, lakini maji yakinifika magotini natoka mbio. Mume wangu alijaribu kunifundisha kuogelea tulipokuwa bado wachumba. Nilimkaba shingo hata akasema nitamuua kabla ya adui. Hatukurudia.

Yeye ni mtoto wa Kemondo. Amekulia karibu na gati, kwenye harufu ya dagaa na kelele za wapakuzi wa mizigo, na ungetarajia mtu wa namna hiyo aogelee kwa raha kama bata. Haogelei kwa raha. Anaogelea kama mtu anayetimiza wajibu.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume. Wakiwa watoto, walikuwa wakicheza pembeni ya gati, yule mdogo akateleza akaangukia penye kina. Mume wangu wakati ule hakujua kuogelea. Alisimama pale juu akamwona mdogo wake akiita, "Kaka! Kaka!", na kila alipofungua mdomo, maji yaliingia. Amenisimulia mara moja tu, tukiwa tunamenya ndizi, na hakuinua macho kutoka kwenye kisu. Tangu siku ile ya gatini anaamini jambo moja kwa moyo wake wote, kwamba zile kelele ndizo zilizomuua mdogo wake.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ng'ambo ya mstari ni hiyo: majini hakuna kelele. Ukiogopa, funga mdomo. Ukichoka, funga mdomo, lala chali, pumua kwa pua. Anayepiga kelele anatolewa nje, anasimama mguu sawa kwenye mstari, kisha anaanza upya. Kule ndani, penye maji yanayompita mtu mzima kimo, alikuwa ameweka dumu tupu la njano la mafuta ya kula, limefungwa kamba na jiwe ili lisiondoke. Mtoto anakwenda hadi kwenye dumu, analigusa, anarudi. Filimbi ikilia anatoka. Isipolia, hatoki.

Mvulana wetu, ambaye ndiye mkubwa, hakuona shida. Yule hata nyumbani anaongea kama analipia maneno. Aliyekuwa na kesi ni binti. Binti yangu alizaliwa akipiga kelele, na muuguzi aliyempokea alisema huyu atauza samaki sokoni bila spika. Akila anasimulia chakula. Akienda chooni anaimba ili tujue bado yuko hai. Akijikwaa, Kibeta nzima inapata taarifa. Nilikuwa namfokea kila siku, "Wewe mtoto, hebu nipumzishe masikio," na sikujua nilikuwa nimekalia utajiri.

Majini alikuwa akilia kwa sauti zote alizonazo. Anatolewa, anasimama kwenye mstari akitetemeka, kamasi na maji vimechanganyika, anarudishwa. Mimi nipo hatua chache tu kutoka alipo, nina taulo mkononi, na simpi. Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"Bojo, tafadhali, mwache alie," nilimwambia mume wangu. "Mtoto kulia ni kawaida."

"Akilia huku nje sina neno, mwalimu. Akilia kule anakunywa maji."

"Kwetu Muleba mtu akipata shida anapiga nduru, na anayesikia anatoka, hata kama yuko mezani. Sasa huyu akinyamaza kule, nani atajua kwamba anataka msaada? Mimi nitajuaje?"

Alinitazama, na nadhani hakuwa na nia mbaya. "Na ukijua," aliuliza, "utafanya nini?"

Swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa sato. Nilimkasirikia siku kadhaa, nikammiminia chai bila sukari akainywa hivyo hivyo. Kweli, ningefanya nini? Ningesimama pale na taulo langu.

Kabla likizo haijaisha, binti alikuwa amejifunza. Alikwenda hadi kwenye dumu na kurudi bila kutoa hata mguno. Alipotoka, mume wangu alisimama wima kwenye mstari akampigia saluti, saluti kamili, mbele ya wafua nguo na wauza karanga. Mtoto alimeremeta mwili mzima. Siku ile hata mimi nilifurahi, nikasema labda baba yake ana akili kuliko hasira zangu.

Kisha akapelekwa nje ya nchi, kulinda amani ya watu wengine. Yangu aliiacha hapa Kibeta bila mlinzi. Tulipomsindikiza stendi alinivalisha filimbi shingoni, akasema mafunzo hayasimami, na kwamba teknolojia ipo.

Teknolojia ilikuwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Kila Jumamosi asubuhi, mtandao wa kwao ukiruhusu, alipiga simu ya video, nasi tukashuka ziwani. Mstari sasa nilichora mimi, mtu wa milimani, asiyejua maji. Nilishika simu juu ili afande aone, na alipotoa amri mimi nikapuliza filimbi. Watu walitushangaa. Bodaboda mmoja aliyekuwa na mazoea ya kuoshea pikipiki yake pale ufukweni aliniuliza kama tunapiga filamu.

"Tunalea watoto," nilimjibu.

Jumamosi ninayoikumbuka ilikuwa imetanguliwa na mvua kubwa. Maji ya mto ulio karibu yalikuwa yamemwagika ziwani na kulipaka rangi ya chai ya maziwa, na mawimbi yalikuwa madogo lakini ya haraka haraka. Nilimwambia mume wangu tuahirishe. Alisema ziwa halitawauliza watoto kama liko vizuri siku watakayolihitaji. Mvulana alitangulia, akagusa dumu, akarudi, akakaa mchangani akihema. Kisha binti akasema "Ndiyo, afande" kwenye kioo cha simu na kuingia.

Alifika kwenye dumu. Aligeuka. Katikati ya kurudi akaacha kusogea.

Hakupiga kelele. Hakupunga mkono. Kichwa tu ndicho kilichoonekana, kimeinuliwa nyuma, uso unatazama juu, mdomo umefungwa kabisa, na mikono yake ilikuwa chini ikiyakandamiza maji kama mtu anayetaka kupanda ngazi. Kwa mbali ilionekana ni utulivu. Ndivyo simu ilivyomwonyesha baba yake.

"Tazama alivyotulia," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu aondoke. "Mwalimu, unamwona? Huyo ndiye askari wangu."

Nilimwona. Lakini nilimwona pia binti yangu, na binti yangu hajawahi kukaa mahali bila kunitafuta kwa macho. Macho yale yalikuwa yanatazama mawingu. Kichwa kikazama, kikarudi, na mdomo ulikuwa bado umefungwa.

Nilipuliza filimbi. Nikaipuliza tena, upuuzi mtupu, kana kwamba alikuwa amekataa kutoka kwa ukaidi. Simu nikaitupa, sikumbuki wapi, nikakimbilia majini na gauni langu. Maji yakapita magoti, yakapita kiuno, gauni likafura likanizunguka, na yalipofika kifuani mchanga ukaniponyoka chini ya miguu. Nikarudi nyuma. Mwili ulirudi wenyewe, haukuniuliza. Mtoto wangu alikuwa pale, umbali ambao nchi kavu ningeuvuka kwa hatua chache tu, na sikuweza kuufika. Hapo ndipo nilipolijibu lile swali la baba yake. Nilifungua mdomo nikapiga nduru.

Niliipiga kama inavyopigwa kwetu, ile ndefu inayokatwa kwa kiganja mdomoni, inayowatoa watu migombani mwizi anapoonekana au nyumba inapoungua. Mvulana alikuwa ameshaingia kabla sijamaliza pumzi ya kwanza. Alimfikia dada yake, akamweka mkono chini ya kidevu kama alivyofundishwa, akamgeuza chali, lakini kumvuta hakuweza, akabaki amemshikilia, vichwa viwili vikipanda na kushuka. Na yule bodaboda, ambaye alikuwa amegeuka kwa nduru yangu tu, kwa kuwa filimbi yetu alishaizoea na mtoto hakutoa sauti, aliiangusha pikipiki na kujitosa na koti lake. Aliwaleta wote wawili.

Tulimlaza kwa ubavu. Alitapika maji na ugali wa asubuhi, akakohoa, akavuta pumzi, akakohoa. Nilikuwa nimempakata na bado napiga kelele, ikabidi bodaboda aniambie, "Mama, inatosha, yupo, yupo."

Ndipo nikaisikia simu. Ilikuwa mchangani, uso juu, na muda wote ule mume wangu alikuwa ameona mbingu tu. Mbingu, na kunisikia mimi. Nilipoiokota alikuwa analia kwa sauti, mtu mzima mwenye sare, nyuma yake wenzake wamesimama hawajui wafanye nini. "Niambieni! Niambieni!" alikuwa anasema, sijui tangu saa ngapi.

"Yupo," nilisema.

"Mweke aseme. Nimsikie aseme."

Nilimshikia simu mdomoni. Binti alimtazama baba yake, midomo ya bluu, akajikaza kukaa wima.

"Sikupiga kelele, afande," alisema.

Nilidhani hayo ndiyo yalikuwa mabaya, na kwamba yamekwisha. Kumbe mabaya yalikuwa yanaanza taratibu, nyumbani, mezani. Mtoto alikuwa anakula kimya. Alikwenda chooni kimya. Alijikwaa kwenye kizingiti, kucha ikang'oka, akakaa chini na kuutazama mguu. Akiulizwa anajibu vizuri, shuleni anafanya kazi zake, majirani wakanipongeza kwamba siku hizi ametulia. Nilitamani kuwarushia kitu.

Shule zilipofungwa nilimpeleka Muleba kwa mama yangu, nikiamini migomba na binamu zake vitamfungua. Siku moja walikuwa wanafunua chungu cha matoke, mvuke ukatoka chini ya majani ukamchoma mkono. Alisogea pembeni akasimama karibu na ukuta. Hakuna aliyejua mpaka jioni, alipokuwa ananawishwa, mama yangu akaona lengelenge kubwa kama yai kwenye kifundo cha mkono.

"Omwana ogu, mtoto huyu," mama aliniambia, akiwa bado amemshika mkono, "sauti yake mmeipeleka wapi?"

Niliupokea ule mkono wa binti. Nilimpaka dawa, nikamwambia, lia, mwanangu, inauma, lia tu. Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyeungua. Nimefundisha watoto wa watu kusoma, kuhesabu, kuimba wimbo wa taifa. Kumfundisha mtoto wangu kulia nilishindwa.

Baba yake nilikuwa namwambia kila kitu kwenye simu, na kila nilipomwambia alikuwa anakaa kimya hadi nadhani mtandao umekatika. Lipo neno moja sikumwambia, na sitamwambia. Nilitaka kusema: mdogo wako hakuuawa na kelele zake. Alipiga nduru, ndivyo inavyotakiwa, ila aliyeisikia alikuwa mtoto mwenzake. Lakini neno hilo lingemfanya nini, peke yake kambini, kwenye nchi ya watu? Nikawa nafunga mdomo. Nyumba yetu nzima sasa inaijua ile sheria.

Amerudi mwezi huu. Alishuka kwenye basi akiwa amekonda, akanywa chai, akapita kwenye migomba bila kuikagua. Hakuuliza nguo za kuogelea. Alikaa siku chache akimtazama binti anavyokula, kisha Jumamosi asubuhi akasema, taratibu, twende ziwani.

Lile dumu la njano halikuwapo, mtu alikuwa amelichukua. Alifika ufukweni akasimama mikono mitupu. Hakuokota kijiti. Sote tulisubiri, na alipoona haokoti, binti aliinama akakitafuta mwenyewe, akachora mstari kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mitumbwi, umenyooka vizuri kuliko yote niliyowahi kuchora mimi. Kisha akauvuka na kusimama mguu sawa.

"Hapana, mama yangu," baba yake alimwambia. "Leo hakuna afande. Niite Taata."

"Ndiyo, afande."

Alimshika mkono wakaingia pamoja, mpaka maji yakamfika mtoto kifuani, baba kiunoni. Mimi na kaka yake tulibaki nchi kavu. Alimwambia afungue mdomo apige nduru kama mama alivyopiga siku ile. Binti alifungua mdomo. Niliona koo lake linafanya kazi. Akaufunga.

"Tazama, ni rahisi," baba alisema. Akaweka kiganja mdomoni akapiga yeye. Ilikuwa nduru ya kweli, na kwa kuwa ilikuwa ya kweli watu walitoka: wafua nguo waliacha mabeseni, bodaboda walikuja mbio, mzee mmoja alivua viatu tayari. Nilikuwa nawapungia mkono kuwaambia hakuna kitu, samahanini, hakuna kitu, na machozi yananitoka. Mume wangu hakugeuka kuwaona. Alisogea hatua mbili ndani akapiga tena, akaielekeza kule ziwani ambako hakuna mtu, na safari hii sauti ilimkatikia katikati, ikabaki nyembamba, ikaendelea hivyo hivyo, haikomi.

Binti alimsogelea. Maji yalimfika shingoni. Alinyoosha mkono wake, ule wenye kovu la mvuke, akamziba baba yake mdomo.

"Afande," alimwambia polepole, kama anayembembeleza, "funga mdomo. Utakunywa maji."

Na baba yake akaufunga.